Mtwara: Mzee haoni, maktaba wakasema aje na mtu wa kumsomea, huyo mtu nae akakatazwa kusoma!

Wakuu habari za muda huu, uzi ni mrefu kidogo mnivumilie, nina hasira tangu Alhamisi na nikikaa nayo nitapasuka.

Mzee wangu kafundisha shule za msingi huko Newala miaka na miaka, kastaafu, presha ya macho ikamla taratibu mpaka jicho la pili nalo likazima. Mtu ambae alikuwa halali bila kusoma leo anashinda barazani na redio. Alhamisi kaniambia mwanangu nipeleke maktaba, kavaa shati lake la kutokea, tukachukua bajaji kutoka Chikongola.

Tumefika mlangoni ngazi tupu, hamna hata bomba la kushikilia. Chini ya mti kuna kijana kwenye baiskeli ya miguu mitatu, nikamuuliza unasubiri nini kaka, akasema nasubiri mtu anaeingia nimtume kitabu. Kila akija ni hivyo, hajawahi kuiona shelfu kwa macho yake, anasoma alicholetewa.

Ndani nikauliza vitabu vya kusikiliza. Hakuna. Dada wa mapokezi (alijitahidi, simlaumu yeye) kaenda stoo karudi na kitabu kimoja cha nukta nundu (yale maandishi ya wasioona ya kupapasa kwa vidole), cha Kiingereza, vumbi tupu, kimerundikiwa maboksi mpaka nukta zimelala. Mzee kakipapasa kakirudisha, "ahsante mwanangu, haya mimi sikuyasomea". Na ndo ukweli, mtu aliepofuka uzeeni vidole vyake havijui nukta nundu, anahitaji sauti!

Basi wakasema mzee awe anakuja na mtu wa kumsomea. Sawa, nikachukua kitabu cha historia tukajibanza kona, nikaanza kusoma kwa kunong'ona. Kurasa mbili hazijaisha kaja mfanyakazi mwingine, akaniambia dada humu ni kimya, unasumbua wasomaji. Nikamwambia si mmesema nyie wenyewe nimsomee?? Nilitaka kuwasha moto pale pale, mzee akanishika mkono, twende mwanangu tusiwasumbue watu. Yani aombe radhi YEYE!

Na asije mtu hapa kuniambia bajeti. Kompyuta zipo pale nimeziona, kuna programu inaitwa NVDA inasoma kila kilichopo kwenye skrini, ni ya bure kabisa, unaidownload tu unaweka, na sauti ya Kiswahili inayo japo lafudhi yake ngumu. Kinachobaki ni hedifoni, na hedifoni hata mimi nitanunua.

Hakimiliki ya vitabu nayo sio kisingizio. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2020, ule uliopitishwa 2013, maana yake ni kwamba taasisi kama maktaba inaweza kugeuza kitabu kiwe cha sauti au nukta nundu kwa ajili ya asieona bila kwenda kumpigia magoti mwenye kitabu. Na haumhusu kipofu peke yake, hata ambae mikono haiwezi kushika kitabu wala kufunua kurasa yumo. Sheria yetu wenyewe ya watu wenye ulemavu ni ya 2010, toka 2010 ngazi haijapata hata mteremko wa zege?

Marekani walipitisha sheria ya vitabu vya wasioona 1931, ilipofika 1966 wakawaongeza na wasioweza kushika kitabu, mtu anatumiwa kwa posta mpaka kwake halipi hata senti. Mimi siombi posta, naomba kona moja yenye mlango unaofungika nimsomee baba yangu.

Wadau wa Lindi, Masasi, Nachingwea, kama kwenu kuna maktaba yenye vitabu vya sauti vya Kiswahili niambieni ni wapi, nauli sio tatizo nitampeleka. Jumatatu narudi pale na barua, mzee anatamka mimi naandika, tumefika ukurasa wa tatu na kila nikikosea nukta ananirudisha nianze sentensi upya.