Tangazo linasema Mji Mkongwe, chumba kipo Fuoni!

Wenye vyumba vya kukodisha Unguja, hivi mnadhani sisi tunaotoka Pemba hatuujui Mji?

Tangazo limeandikwa "Mji Mkongwe, hatua chache kutoka Forodhani". Picha imepigwa juu ya paa, kanisa la Minara Miwili linaonekana hilo hapo na bahari nyuma yake. Tukauliza, tena kwa maandishi: bustanini Forodhani kunafikika kwa miguu? Tukajibiwa, "Kunafikika dada angu, msiwe na wasiwasi." Tukatuma arubuni, nusu ya pesa yote. Tunashuka boti Malindi na mizigo yetu, tunaambiwa gari inatusubiri. Darajani tukaipita, Michenzani tukaipita, Mwanakwerekwe tukaipita, tukaja kushushwa Fuoni. Na nauli ya hiyo gari tukalipa sisi.

Kumuuliza mwenyewe, anajibu, "Dada, hapa ni mjini pia."

Si kweli. Mkoa ni Mjini Magharibi, sawa, lakini Fuoni ipo Wilaya ya Magharibi B. Mji Mkongwe una mpaka wake. Kila mtu anajua barabara ya Creek ndiyo inayoutenga na Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili, na Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hauvutwi mpaka Fuoni kwa sababu wewe una chumba cha kupangisha.

Nisieleweke vibaya, Fuoni kama Fuoni sina neno nayo. Mtu mwenye gari yake, au mwenye watoto, atapumzika vizuri zaidi Fuoni au Mbweni kuliko Kiponda, ambako gari haiingii kwenye vichochoro na begi utalibeba mwenyewe mpaka mlangoni. Na wala si lazima iwe Mji Mkongwe: ukikaa Kikwajuni, Miembeni au kwenye maghorofa ya Michenzani, Darajani unakwenda kwa miguu, na bei ni ya kibinadamu. Tungeambiwa ukweli tungechagua wenyewe.

Lakini sisi tulikuwa wanawake watupu, tumekuja kula sikukuu pamoja. Raha ya sikukuu Mji ni jioni na usiku: Mnazi Mmoja, kisha Forodhani, mnakula mnazungumza mpaka mchoke, mnarudi kwa miguu kundi zima bila kumtegemea mtu. Kwa hilo ndiyo tukakubali kulipa bei ya Mji Mkongwe. Tulichokipata ni kila Isha ikishaswaliwa mmoja anaanza kuuliza tutarudi vipi. Daladala zimeshapungua, bodaboda haibebi kundi, na wenye gari za kukodi wanajua ni sikukuu, wanataja bei wanayoitaka. Shoga yetu mmoja akaona bora akalale kwa mama mdogo wake Mtoni. Mwingine naye akahamia kwa nduguye. Safari tuliyoichangia tangu kabla ya Ramadhani, lengo tuwe pamoja, ikavunjika hivyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

(Maji nayo. Tuliambiwa tangi lipo. Lipo kweli, tupu.)

Ninachotaka ni kitu kidogo na hakimgharimu mtu hata shilingi: tangazo liandikwe shehia, yaani eneo dogo la mtaa linalosimamiwa na sheha. Hakuna nyumba Zanzibar isiyo na sheha, na hakuna mwenye nyumba asiyeijua shehia yake. Malindi, Shangani, Mkunazini au ya huko Fuoni, iandikwe hiyo hiyo. Na picha ya paa ipigwe kwenye paa la nyumba inayokodishwa, si la jirani wa mtaa mwingine.

Na nyinyi mnaopanga kwenda na wenzenu, msitume arubuni kabla hamjatajiwa shehia na msikiti wa karibu, kisha mpigieni simu mtu yeyote wa Mji mumuulize. Mwenye chumba akikataa kutaja, tafuteni kwengine.

Yule mwenyeji wetu tulipomtaka aturudishie arubuni aliturushia sauti ya kutucheka, kisha akatufungia simu. Ujumbe wake wote tunao, pamoja na ile picha ya Minara Miwili. Wiki hii tunaupeleka kwa sheha wake. Aliyewahi kudhulumiwa hivi na akarudishiwa pesa yake, aseme hapa alipita njia gani.