MALALAMIKO: Mnageuza chumba cha matandiko kuwa chumba cha kulala, farasi aliye nyuma ya ukuta mnamsahau

Wadau, hasa mlioko Marekani na Kanada mnaovuta farasi wikiendi kwenda kupanda porini, imetosha sasa.

Kila kukicha inapandishwa video nyingine ya trela ya farasi wawili iliyogeuzwa kijumba cha wikiendi. Mito ya rangi, taa za kamba, rafu ya mbao, kahawa inachemka. Dakika 20 zinaisha mwenye video hajataja uzito, hajaonyesha fyuzi hata moja, hajasema hewa ya chumba inaingilia wapi. Watu wanaiga. Halafu maswali yanamiminika: mbona trela inayumba, mbona ukuta unatoka jasho, mbona macho yanawasha usiku? Yanawasha kwa sababu mnalala mkivuta mvuke wa mkojo wa farasi!

Kile chumba cha mbele, cha kuwekea matandiko ya farasi, si chumba cha nyumba. Ni sehemu ya gari linalobeba wanyama wawili wenye tani nzima, wanaokojoa, wanaopiga mateke na wanaoegemea ukuta. Ukilisahau hilo, kila hatua inayofuata inakwenda kombo.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio unaofichwa kuliko yote. Kibati cha trela, kinachoonyesha uzito wa mwisho unaoruhusiwa, kipo upande wa kushoto, nusu ya mbele, kwa nje. Kisomeni. Trela ya ekseli mbili za pauni 3,500 kila moja mara nyingi imeandikwa pauni 7,000, yaani kilo 3,175 pamoja na kila kilichomo. Chukueni ya chuma yenye kilo 1,630 ikiwa tupu. Farasi wawili wa kawaida, kilo 1,150. Zimebaki 395. Marobota manne ya nyasi kavu, kilo 90. Maji galoni 20, kilo 75. Matandiko mawili mazito ya kimarekani, hatamu na ndoo, 35. Zimebaki 195. Sasa anakuja fundi wa video na plaiwudi ya mti wa birch ya milimita 18. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 ina kilo 36 hivi, naye anatumia tatu: 108. Betri ya asidi ya Ah (ampea-saa) 100, kilo 29. Kiyoyozi cha paa, 40. Friji 20, godoro 10. Jumla 207. Mmeshapita kiwango kabla hamjaweka nguo wala chakula, na hakuna aliyewaambia.

Na si jumla tu. Chumba chote kipo mbele ya ekseli, kwa hiyo sehemu kubwa ya mnachoongeza inaangukia ulimi wa trela, ile pua inayofungwa kwenye pikapu. Ulimi unatakiwa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Pikapu nyingi za nusu tani zina kibandiko kwenye kifungio cha nyuma kinachosema mwisho ni pauni 500, sawa na kilo 227, kama huna vyuma vya kugawa uzito. Ukiweka tangi la maji puani kabisa, nyuma ya pikapu inakaa chini, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani unaanza kuelea kwenye mteremko. Maji yabebwe kwenye madumu juu ya ekseli, au mjaze mkifika. Plaiwudi iwe ya milimita 12 kwa kitanda na 6 kwa kuta, hakuna sababu ya zaidi. Kabla ya kukata chochote pelekeni trela kwenye mizani ya malori, ikiwa na farasi na mzigo, na mkimaliza kazi mrudi tena. Mizani ni bei ya chakula cha mchana.

Sasa ukuta wa kati, unaotenganisha chumba na farasi. Kwenye trela nyingi ni bamba moja lenye upenyo juu, upenyo chini, na mlango mdogo usio na mpira. Kiwandani hawakukusudia mtu alale pale. Bakteria wanavunja mkojo, amonia inapanda, nanyi mmelala mita moja kutoka hapo. Kinachokasirisha ni ushauri wa "weka feni ya paa, hewa itakuwa safi". Feni inayotoa hewa nje lazima iivute kutoka mahali. Mkifunga dirisha na mlango, itaivuta kupitia nyufa za ukuta wa kati, yaani kutoka kwa farasi! Mmelipia feni ya kuwaletea amonia kitandani.

Dawa yake inajulikana. Ondoeni zulia la kiwandani lote, limeshanyonya. Chini ya ukuta wa kati lazeni pembe ya alumini ya sentimita 5 juu ya gundi ya polyurethane, iwe kizingiti, maana trela ikiegeshwa pua chini mkojo na maji ya kuoshea vinatiririka mbele. Nyufa za juu zibeni kwa bamba la alumini na gundi hiyohiyo. Mlango wa kati uvalishwe mpira wa mviringo pande zote nne. Feni iwe ya kugeuzika, na usiku muiwashe ikiingiza hewa ndani, ili chumba kisukume hewa kwenda nje badala ya kunyonya. Upande wa farasi, inueni mikeka ya mpira na muoshe kila safari. Msimwage dawa ya klorini juu ya mkojo: klorini ikikutana na amonia inatoa gesi ya sumu. Maji mengi na sabuni yanatosha.

Tundu la feni ni inchi 14 kwa 14. Tafuteni mataruma ya paa kwanza, mkate katikati yake, na ndani mzungushe fremu ya pembe za alumini za inchi 1, la sivyo bamba jembamba litabonyea na maji yatatuama. Chini ya flanji (ukingo wa feni) weka utepe wa butyl, yaani mpira laini unaonata, juu ya vichwa vya skrubu weka lakiri ya paa inayojisawazisha yenyewe. Silikoni hapana. Inabanduka baada ya misimu michache, na mabaki yake hayakubali kushikwa na kitu kingine.

Kuhusu mbao: mbao zilizotiwa dawa ya shaba msizigusishe na alumini. Shaba, unyevu na chumvi za mkojo zinaila alumini mpaka inakuwa unga mweupe. Mkikuta unga huo nyuma ya skrubu, mjue kazi imeshaanza.

Umeme ndio unaonitia hasira kuliko vyote, hivyo nitakaa hapa.

Trela zenye breki za umeme zina kijibetri cha volti 12, Ah 5 hivi, kwenye kisanduku kidogo puani. Kazi yake ni moja: trela ikichomoka kwenye pikapu, waya unavuta pini na betri inashikilia breki. Kanuni za shirikisho zinataka breki hizo zishike dakika zisizopungua 15. Na kuna watu wanafundisha hadharani kuunganisha taa za chumba na chaja ya simu kwenye betri hiyo! Usiku mmoja imeisha. Asubuhi mnapakia farasi na hamna breki ya dharura. Msiiguse. Ijaribuni kabla ya kila safari: vuta pini, sogeza pikapu taratibu, magurudumu ya trela yagome.

Betri ya chumba iwe yake peke yake, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye nguzo ya chanya. Hesabu ya usiku mbili: feni ampea 2 kwa saa 10, mara mbili, Ah 40. Friji ndogo ya kompresa kama Ah 35 kwa siku, ni 70. Taa 10. Jumla 120. Betri ya asidi ya Ah 100 msitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo haifiki hata asubuhi ya pili. Lithiamu ya Ah 100 ina kilo 12 hivi na inatoa karibu yote, lakini nayo haitoshi na friji: chukueni sanduku la barafu, au paneli ya jua ya wati 100 mnayoweza kuisogeza, maana kambi nyingi za farasi zipo chini ya miti na paneli ya paani inalala kivulini. Lithiamu msiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Na msitegemee plagi ya pini 7 ya pikapu kuijaza: waya wake ni mwembamba na mrefu, volti zinapotelea njiani. Wekeni chaja ya DC kwa DC, inayopandisha tena volti hizo, ndani ya trela.

Upande wa volti 120 ndipo watu wanapoua farasi. Soketi ya kambi ya ampea 30 ni ya volti 120: waya mmoja wa moto, nyutro na erthi. Mafundi wa majumbani wanaiona, wanaifananisha na ya mashine ya kukaushia nguo, wanafunga 240 nyumbani kwa mteja. Pimeni kwa mita kabla ya kuchomeka, kila mara, hata kama mwenye soketi anaapa. Na ndani ya trela, nyutro na erthi zisikutanishwe kwenye kisanduku cha fyuzi. Zinakutana kwenye chanzo tu. Mkizikutanisha, mkondo wa kurudi unapita kwenye bodi, na erthi ya kambi ikiwa mbovu bodi nzima inakuwa na umeme. Nyie mna viatu vya mpira. Farasi amefungwa kwenye pete ya bodi hiyohiyo, amevaa vyuma kwato nne, amesimama kwenye tope, naye anadhurika na volti ambazo mtu anazihisi kama kitekenyo tu. Tundu la kuingizia waya liwe upande ambao farasi hafungwi, kikatio cha kuvuja umeme kiwe mwanzoni mwa mzunguko, na waya usipite anapokanyaga.

Joto: hita ya propani isiyo na bomba la nje msiwashe mkilala. Inakula oksijeni ya chumba kisichofika mita za ujazo 8, na kila kilo moja ya propani inayoungua inatoa kilo 1.6 za maji. Hapo ndipo linapotoka lile jasho mnaloliuliza. Hita ya dizeli ya kilowati 2 inachoma nje ya chumba, inafaa, ila bomba la moshi lipite chini ya sakafu na litokee mbali na madirisha ya farasi na mbali na nyasi. Kitambuzi cha kaboni monoksidi kiwe usawa wa kitanda. Cha propani, kama mnabeba mtungi, kiwe karibu na sakafu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa.

Kitanda kisifungwe kwenye ukuta wa kati. Nyuma yake kuna mateke. Kifungwe kwenye nguzo za pembeni na miguu iguse sakafu, tena kiwe cha kukunja, ili mkiwa barabarani ule mlango mdogo usizibwe na kitu. Mlango huo ndio njia ya kufikia kichwa cha farasi akianguka safarini, na nimeshaona kabati lililojengwa mbele yake likisifiwa kwa "kutumia nafasi vizuri". Mlango wa nje nao lazima ufunguke kutoka ndani hata mtu akisukuma komeo kwa nje. Dirisha la pili la kutokea liwe na uwazi wa sentimita 43 kwa 61 au zaidi.

Usiku matandiko na mablanketi yenye jasho yahamie upande wa farasi, farasi wakiwa nje. Na farasi wakiwa ndani, trela isitenganishwe na pikapu kamwe. Jeki za pembeni ni za kutuliza mtikisiko, hazizuii pua kunyanyuka farasi akirudi nyuma.

Kwa wanaouza trela hizi tayari zimegeuzwa, na wanaopandisha video: andikeni uzito wa mizani kabla na baada, na uzito wa ulimi. Onyesheni kisanduku cha fyuzi kikiwa wazi. Onyesheni ukuta wa kati mkiwa mmewasha kijiti cha ubani karibu na mpira wa mlango, tuone moshi unaelekea upande gani. Asiyeweza kuonyesha hayo ashushe video yake. Na mnaotaka kununua, mkinyimwa namba hizo, ondokeni na pesa yenu.