Bomba la bafuni linauma na ukuta umepasuka: nianzie wapi?

MamaWawili

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari zenu.

Nina nyumba ambayo sikuijenga mimi. Niliinunua imeshamalizika, rangi bado inanukia, na nadhani ile harufu ya rangi ndiyo iliyonifumba macho. Huu ni mwaka wa pili tunaishi ndani, na kila baada ya muda nyumba inanitolea jipya.

Nianze na lililonishtua. Jumamosi iliyopita binti yangu wa miaka 6 alitoka bafuni na povu masikioni akaniambia, "Mama, bomba linauma." Nikadhani ni maji ya moto. Nikaingia mwenyewe, miguu mitupu, nikagusa lile bomba la chuma. Mkono ulisisimka hadi kwenye kiwiko, kama ule ganzi wa mkono uliolaliwa, ila huu una meno. Nikavaa ndala nikagusa tena (msinicheke): kimya. Nikavua: linauma. Nikazima hita ya maji ya kuoga, nikagusa peku: kimya.

Nikamwita fundi aliyefunga umeme. Alikuja na viatu vya mpira, akagusa bomba, akasema mbona halina kitu. Nilipong'ang'ania akasema, "Basi muwe mnaoga na ndala." Akaomba nauli.

Hita hiyo hiyo, tulipohamia, ilikuwa inaangusha breka kila tukioga. Fundi huyo huyo akatoa breka ya ampea 16 akaweka ya 32, ikatulia, nami nikamsifu kwa majirani. Sasa swichi ya hita imeanza kugeuka rangi pembeni, ilikuwa nyeupe imekuwa kama karatasi iliyokaa juani, na watu wawili wakioga mfululizo kuna harufu ya plastiki iliyosogezwa karibu na jiko. Halafu taa ya korido ukiizima haizimi kabisa, inabaki na kamwanga kama jicho la paka.

Upande wa ukuta: dirisha la chumbani kwangu lina ufa. Umeanzia kona ya juu kulia, unapanda mshazari kuelekea darini. Chini unaingia ukucha, juu inaingia sarafu. Na sebuleni rangi inavimba na kubanduka, lakini kuanzia magotini kwenda chini tu.

Nina akiba ya kufanya jambo moja likafanyika vizuri. Moyo unataka ufa, maana ndio ninaoutazama nikilala. Nianzie wapi?

BisibisiButu

Dada, usiendelee kusoma. Nenda kaangushe breka ya hita, bandika karatasi juu yake kwamba isiguswe, kisha urudi.

Umerudi? Sasa tuongee.

Ndani ya hita yako kuna mahali panavujisha, mara nyingi ni koili iliyochoka, na umeme unapita kwenye maji na chuma hadi kwenye bomba. Hilo hutokea hata kwenye nyumba iliyofungwa vizuri, koili huchakaa. Kinachotakiwa ni kwamba umeme ukivuja ukutane na ule waya wa kijani na njano, yaani athi, uende zake ardhini na breka ianguke. Kwako inaelekea hauna pa kwenda, kwa hiyo unamsubiri mtu aliyesimama peku kwenye maji. Ndala zinamkatia njia, ndiyo maana fundi wako na viatu vyake hakusikia kitu. Siku ndala zikilowa na mtu akashika ukuta kwa mkono wa pili, mambo yatakuwa mengine.

Habari ya breka ndiyo iliyonikera zaidi. Hita nyingi za kuogea, zile zinazopasha maji yakipita, zina wati 5,500 hivi. Gawanya kwa volti 230 unapata karibu ampea 24. Kwa hiyo breka ya 16 ilikuwa inaanguka kwa haki yake. Swali ambalo yule bwana alipaswa kujiuliza ni unene wa waya uliochimbiwa ukutani. Kama ni ule wa milimita za mraba 1.5, wa taa, ukiwa ndani ya paipu unahimili ampea 15 hivi. Unaupitisha 24, halafu umeuwekea mlinzi ambaye hata 32 hazimwamshi vizuri. Waya utaungua mlinzi amelala. Hiyo harufu unayoisikia ndiyo hiyo. Breka ya kawaida imewekwa kwa ajili ya waya, mtu haimjui kabisa. Kinachokupiga wewe bombani ni kidogo mno kwake kukiona. Kwa ajili ya mtu kuna breka ya mvujo, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia chenye herufi T. Ya milliampea 30 inakata kabla moyo haujaanza kuyumba. Angalia kama unayo kwenye boksi lako. Kama ipo, bonyeza hicho kitufe uone kama inaanguka. Nyingine zimekufa muda mrefu, zimebaki pambo.

Taa ya korido: kuna sababu mbili. Moja haina madhara, taa za siku hizi zinawaka kwa umeme kidogo sana hata unaonyemelea kutoka waya wa jirani. Ya pili mbaya: swichi imefungwa kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) badala ya laivu (waya unaoleta moto). Hapo unazima taa, lakini holda bado ina moto. Mpaka ijulikane ni ipi, mtu asibadilishe taa hiyo kwa kuzima swichi tu. Aangushe breka.

Tafuta fundi mwingine, mwenye leseni, na mwulize kwenye simu kama ana mega, kile kipimo cha kuonyesha kama ganda la waya linavujisha. Akikuuliza mega ni nini, mshukuru ukate.

Mpakarangi7

Ufa wa dirishani usikutie presha dada. Kwangu ulikuwepo kama huo. Unaukwangua, unabandika wavu wa plasta, unapiga skimu (lipu nyembamba ya kulainisha), unapaka rangi. Siku moja imekwisha.

TimaziHaidanganyi

Umekwisha kwa muda gani, mkuu? Skimu ni vipodozi.

MamaWawili, mimi wa upande wa saruji. Kwanza, BisibisiButu yuko sahihi, umeme uanze. Ufa ulikuwepo jana na kesho utakuwepo. Ila usikae nao bure, fanya hivi: chukua penseli, chora mstari mfupi unaokatiza ufa kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe pembeni, pima upana kwa rula mahali palepale kila mwezi. Ufa uliolala na ufa unaotembea tiba yake si moja, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Nyuzinyuzi za chini ya milimita moja mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka, fundi hakumwagilia. Ukipita milimita 5, au ukiona mwezi hadi mwezi unaongezeka, hapo usimwite fundi wala mimi. Mwite mhandisi.

Lakini wako kwa ulivyoueleza, mshazari kutoka kona ya dirisha, mpana juu, mwembamba chini, nina washukiwa wawili. Wa kwanza ni lenta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya dirisha. Lenta inatakiwa ipite ukingo wa dirisha na kukaa juu ya ukuta sentimita 15 angalau kila upande, 20 ni bora. Wapo wanaoikata sawasawa na dirisha ili nondo zitoshe madirisha yote. Gonga plasta taratibu juu ya ile kona, fungua kipande cha kiganja tu, uone zege linaishia wapi.

Wa pili ni maji. Toka nje mvua ikinyesha, simama kwenye kona ya nyumba iliyo karibu na dirisha hilo. Maji ya paa yanaangukia wapi?

Rangi ya sebuleni ni rahisi. Inaelekea nje umepandisha udongo au sakafu ya pembeni imefunika ile karatasi ya kuzuia unyevu iliyo kwenye msingi. Shusha udongo uwe chini yake kwa sentimita 15, ukuta ukauke wenyewe miezi kadhaa, ndipo upake. Ukipaka sasa unapaka maji.

MamaWawili

Samahanini kwa kimya, wiki tatu hizi nimeishi na vumbi.

BisibisiButu, niliangusha breka usiku ule ule. Tulikuwa tunachemsha maji jikoni na kubeba kwa ndoo. Fundi mpya nilimpata wa tatu. Wawili wa kwanza nilikata simu kama ulivyonielekeza. Huyu alikuja na mkoba wa vipimo, akaanza kwa kufungua boksi la breka, akakaa kimya muda mrefu. Mimi fundi akinyamaza ndipo ninapoogopa.

Waya wa athi ulikuwepo bafuni. Umekatwa kwa koleo pale unapoingilia kwenye hita, mkato safi kabisa, halafu umekunjwa ukarudishwa ndani ya paipu. Hakuusahau, aliukata. Nikamwuliza kwa nini mtu afanye hivyo. Akasema labda kuna siku uliangusha breka, akaona njia ya mkato ni kuunyamazisha.

Tukatoka nje kuangalia huo waya unaingilia wapi ardhini. Fundi akaushika, akavuta kujaribu, ukaja wote mkononi mwake kama gugu lililonyeshewa. Mwisho wake hamna kitu. Hamna fimbo, hamna kibanio, ni ncha tupu iliyofukiwa sentimita ishirini. Nilicheka, nikakaa kwenye ngazi. Nyumba nzima, soketi zote zenye matundu matatu, tundu la tatu lilikuwa linaelekea kwenye udongo wa maua yangu.

Waya wa hita ulikuwa wa 1.5, kama ulivyosema. Tulipochimba ukuta nyuma ya ile swichi tukakuta umeungwa katikati: kipande chekundu kimesokotwa na kipande cha bluu, juu yake wamezungushia nailoni na kufunga kwa uzi. Uzi wa kushonea, mkuu. Nailoni imeyeyuka ikashikana na plasta, ukigusa inakatika kama biskuti. Taa ya korido nayo ilikuwa ile sababu mbaya. Hizo rangi zimechanganywa humo ukutani, aliyefika kwenye swichi hakupima, akakata alichokiona.

Sasa hita ina waya wa 6 usioungwa popote kutoka kwenye boksi, swichi inayokata nyaya zote mbili, koili mpya, fimbo ya athi iliyogongwa nikiwa nimesimama pale, na breka ya mvujo. Mega ilipima nyaya za vyumba kwa volti 500. Mbili zilisoma chini ya megaomu 1, yaani ganda lake linavujisha, zimezimwa zinasubiri mfuko wangu upumue.

Timazi, nilifungua kiganja changu cha plasta. Lenta imekaa juu ya ukuta sentimita 5, nimepima mara mbili. Na mvua iliponyesha nilitoka na mwavuli: bomba la maji ya paa linaishia sentimita chache kutoka kwenye kona ile ile, limechimba shimo linaloenea sufuria. Nimeliongezea paipu limwage mbali. Penseli yangu inasema milimita 3, bado wiki moja nipime tena.

Swali: mifereji ya ukutani bado iko wazi. Fundi wa plasta anaweza kesho. Nimruhusu?

BisibisiButu

Uzi wa kushonea sijawahi kuukuta, hilo nakuvulia kofia.

Mruhusu, ila kabla ya hapo piga picha kila ukuta, futi ikiwa imenyooshwa kwenye picha kutoka sakafuni na kutoka kona, ionekane waya unapita wapi. Kuna siku utataka kutundika kabati. Na mwambie asizibe maungio yoyote. Yakiwepo yawe kwenye boksi lenye mfuniko unaofunguka, hata kama mfuniko unakukera macho.

TimaziHaidanganyi

Sentimita 5 ni kidogo, hiyo lenta itabadilishwa, hakuna njia. Lakini si leo. Sasa maji yamehamishwa, ipe ardhi msimu mmoja wa mvua ikae, uone penseli inasema nini. Ikikaa kwenye 3, unaweka mihimili ya kushikilia, unatoa kozi (mistari ya matofali) zilizo juu ya dirisha, unamwaga lenta mpya yenye nondo, na unaimwagilia siku 7 bila kuruka. Mihimili usitoe mapema kwa kuwa zege limeonekana gumu, siku 28 ndizo zinazopimiwa nguvu yake. Ikiongezeka kabla ya hapo, yule mhandisi.

Mpakarangi7

Nimetoka kuchora penseli kwenye ule wangu. Nitarudi.

MamaWawili

Picha nimepiga, plasta imepigwa, inamwagiliwa asubuhi na jioni na mimi mwenyewe.

Bomba halina kitu tena. Nimeligusa peku, fundi kaligusa kwa mita, sifuri. Nikamwita binti yangu, nikalishika mbele yake mkono mzima nikahesabu hadi kumi. Akaniangalia, akaenda kuchukua ndala zake.