Mrejesho: kutoka Sahare hadi Zambezi

Wakuu, asanteni. Niliuliza mwogeleaji wa Sahare, Tanga, ajiandae vipi kufanya msimu wa kuongoza boti za mpira kwenye maporomoko (mikondo mikali ya mawe na povu) ya Zambezi, pale Livingstone, Zambia. Majibu yalikuwa sawa, isipokuwa lile la “maji ni maji”. Siyo.

Kazi hunoga maji yakipungua, takriban Agosti hadi Desemba. Mto ukifurika, safari husimama, na kipato nacho. Nauli ya kurudi kupitia mpaka wa Tunduma iwekwe kando mapema.

Sasa mto wenyewe. Maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama ya bahari, na yakiwa povu tupu ndiyo kabisa. Jaketi la kuelea likazwe hadi mtu akilivuta mabegani lisipande puani. Ukianguka, lala chali, miguu juu, ikitangulia na mkondo. Usisimame hata maji yakiwa ya kiunoni: mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo hukulaza kifudifudi na hauachi. Sisi wa pwani tumezoea kutafuta mchanga kwa unyayo, na hapo ndipo tunapoponzeka.

Boti iliyojazwa upepo juani hulegea ikiingia majini, maana hewa ikipoa husinyaa. Pigeni pampu tena ikishalowa. Ikibanwa ubavu kwenye mwamba, wote warukie upande wa boti unaogusa mwamba. Wakikimbilia upande wa pili, mkondo unaupanda na boti inapinduka.

Maporomoko hayo huitwa kwa namba, na namba 9 abiria hawalipiti, huzunguka kwa miguu. Kisha jioni kuna kupanda korongo. Mapaja yafanyiwe mazoezi kabla ya mikono.