Naomba ushauri: kazi za mikono kwa wazee waliotengwa vyumbani

Hamjambo wenzangu. Nahudumu katika nyumba ya wazee hapa Malindi. Kikohozi kimeingia, na daktari amesema kila mzee akae chumbani mwake hadi kitulie. Mwaka 2020 wakati wa Korona tuliwapa chakula na dawa tu, na niliona walivyonyong'onyea. Sitaki yarudi.

Bibi mmoja haoni tena, lakini jana nilipompa miyaa, yale majani makavu ya kusukia mikeka, vidole vilianza vyenyewe. Ukili, yaani utepe wa miyaa iliyosukwa, ukashuka hadi magotini, naye akaimba nyimbo za harusi za Kigiriama. Jirani yake akaitikia dirishani. Nilisimama ukumbini machozi yakinilengalenga.

Miyaa hulowekwa kabla ya kusukwa. Je, kila mtu awe na beseni lake? Tuna mzee wa Lamu aliyekuwa akishona kofia za vito, zile zinazotariziwa kwa mkono. Sasa mikono inatetemeka, sindano haishikiki. Nimpe kazi gani asijione ametupwa? Nawaza pia kupitisha shairi mlango kwa mlango, kila mmoja aongeze ubeti, mimi niandike. Kuna aliyejaribu? Pesa ni chache, ila muda nitautafuta.