Mtu anaosha kambale kwenye ndoo ya maji ya kunywa, halafu anakwambia "mto si huo hapo?"

Wakuu, nimefika Utete sasa hivi, tumeshuka mto Rufiji kwa mtumbwi. Mtumbwi nimeuvuta mchangani hata haujakauka, nawaandikia na hasira zangu hizi hizi kabla hazijapoa. Simtaji. Mnamjua. Humu hakuna asiyemjua, na waliowahi kukaa naye mtumbwi mmoja wameshajua ninachotaka kusema.

Ameosha kambale kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

Narudia kwa wanaosoma mbio. Kambale. Ndani ya ndoo. Ya maji ya kunywa. Hakuchota na kikombe akamwagia pembeni, hapana, kamzamisha samaki mzima na mikono yake hadi viwikoni, anamsugua utelezi huku anapiga mluzi. Nilivyopiga ukelele wangu nadhani ng'ambo yote ya mto walisikia. Yeye hata hakumtoa samaki. Kanigeukia taratibu: "Maji ni maji bwana, mto si huo hapo?"

Mto si huo hapo!

Kwa asiyeijua Rufiji kuanzia Mloka kushuka: maji yake ni tope. Yaliyokuwa kwenye ndoo yalishaacha kuwa maji ya mto, yalikuwa kazi ya usiku kucha. Unachota ukiwa bado mtumbwini, katikati penye mkondo, kwa sababu ukingoni ng'ombe wamevuruga na mamba anazoea mahali unapoinama kila siku. Ndoo ya lita 20. Unazungusha jiwe la shabu humo mizunguko michache, unakoroga kwa haraka, kisha polepole, unafunika, unalala. Usizidishe shabu, maji yatakausha ulimi. Asubuhi tope limekaa chini unene wa vidole viwili. Unayamimina maji ya juu kwenye ndoo ya pili kupitia kanga safi iliyokunjwa mara nne, bila kuyatikisa, ukiona tope linaanza kuja unaacha. Ndipo unatia kidonge cha klorini cha lita 20, unafunika tena, unasubiri nusu saa. Watu wawili wanaopiga kafi juani wanataka si chini ya lita nne nne za kunywa tu, bado uji, bado chai, bado ugali. Ndoo ile ndiyo siku nzima!

Na kibaya zaidi, utelezi wa kambale hautoki kwa maji hata ukipewa Bahari ya Hindi yote. Unatoka kwa majivu. Na majivu yalikuwa pale pale mafigani! Unampaka majivu makavu, unamsugua kwa kipande cha gunia, ule ute unashikana na majivu, unaukwangua kwa kisu kuanzia mkiani kwenda kichwani, unammwagia maji ya mto mara moja, kwisha. Yeye kauhamishia ute wote ndooni. Ukiinua mkono maji yanakuja na uzi wa mlenda. Nzi wa Utete walipata taarifa sisi bado tuko njiani.

Msiniambie "ungeongeza kidonge". Dawa ya klorini inaliwa na ute na damu ya samaki kabla haijafika kwa vijidudu, unaongeza na bado hujatibu kitu. Kuchemsha lita 20 nako ni kuni za siku nzima. Kwa hiyo shabu upya, kusubiri upya, jua linapanda. Mto huu unashuka kuelekea mashariki na upepo wa mchana unatoka huko huko mashariki, unakupiga usoni. Anayetaka kwenda vizuri anaanza jua likishachomoza, viboko wakiwa wamesharudi majini, na anatafuta kambi mnamo saa tisa. Sisi tumefika kwenye fungu la mchanga jua likizama, saa ambayo kiboko anatoka kwenda malishoni. Kwa sababu ya kambale.

Kukaa omo, mbele ya mtumbwi, na kafi limelala magotini nimemsamehe. Limefika Utete kavu, lina vumbi. Kuning'iniza miguu majini nako nimemsamehe. Lakini kaosha kambale kwenye ndoo ya kunywa, na kaniambia mto si huo hapo. Wakuu, huyu anafanywaje?

BINT IKWIRIRI:
Nimefika kwenye "mluzi" nikajua ni yeye!! Si ndiye anayesema chandarua ni cha watu wa mjini? Mtu wa namna hii hapewi ndoo ya wazi. Ndoo ya kunywa iwe na koki chini na mfuniko wa kubana, unaufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mkono wa mtu usiingie humo kabisa, hata wako. Ndoo ya jikoni iwe rangi nyingine.

MZEE WA SHETRI:
Mleta uzi, umetukanwa sentensi moja umeandika kitabu. Hema lako lina zipu, ndoo yako haina mfuniko? Tuache hilo. Mmefika magharibi, mkalala fungu lipi? Maana mtu wa ndoo wazi huenda pia alilala njiani kwa kiboko.

Vijana wa siku hizi hamuangalii. Njia ya kiboko ina mifereji miwili sambamba na tuta katikati, kwa sababu miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachana mbali. Ukiona hiyo mahali mto unapokutana na majani, hapo si pa kulala, hata kama mchanga ni laini. Tafuta fungu ambalo nyuma yake kingo ni ya kusimama wima, kiboko hapandi hapo. Halafu chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji jioni, ukikate alama usawa wa maji, ukiangalie kabla ya kulala na ukiamka usiku, ujue kama maji yanapanda. Kuna wanaosema mto umetulia tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022. Waulizeni watu wa Rufiji na Kibiti, mafuriko ya Aprili 2024 yaliwakuta wapi. Maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote yanapita hapa, na mvua ya huko juu wewe huioni.

MLETA UZI:
Mzee shikamoo. Njia za viboko tuliangalia, kijiti tulichomeka. Hoja yangu ni kambale. Alizamisha mikono hadi viwikoni!

PONDO REFU:
Viwiko vyake angalau vililowa. Mimi yangu ni wale wasiotaka kushika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Mnatoka Mloka mmejipanga na makafi mawili mazuri, mnafika kwenye mafungu ya mchanga maji ya magoti, kafi linachimba mchanga, mmekwama, mtu anashuka kusukuma mahali ambapo hajui kuna nini. Pondo la mti mgumu, kama mita nne hivi, ncha ya chini isiwe kali sana la sivyo linazama. Na kila mara nawaambia watu: pondo likinasa kwenye tope, LIACHIE. Mtumbwi unaendelea na safari, wewe ukiling'ang'ania unabaki umening'inia juu ya mto na pondo lako. Rudi ulifuate kwa kafi. Kuna mtu humu, naye simtaji, kila mwaka anabaki kwenye pondo.

MZEE WA SHETRI:
Pondo Refu, na penye kina? Ukitegemea pondo tu utashindwa kwenye kona. Upande wa nje wa kona ndipo mkondo ulipochimba, pana kina, na ndipo kingo inapobomoka na miti imezama. Na ndipo kiboko anaposhinda mchana.

PONDO REFU:
Ndiyo maana unapita upande wa ndani penye kina kifupi, kwa pondo! Unamwachia kiboko maji yake. Ukikaa kati yake na kina, umemfungia mlango wa kwake. Na unagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi kila baada ya muda, aibuke akuone ukiwa mbali. Akiwa chini ya maji anaweza kukaa dakika tano, hujui atatokea wapi.

KAYAKI SAFI:
Wenzenu tunatumia kayaki ya plastiki, nyepesi, hamna pondo wala kufua maji yaliyoingia ndani. Mnateseka na magogo.

PONDO REFU:
Kayaki yako ukitia ndoo ya lita 20, sufuria, hema na unga wa siku nne inabaki na nini juu ya maji? Mtumbwi ukishapakia lazima ubaki na shubiri moja kavu kuanzia maji hadi ukingo, na mzigo mzito uwe chini katikati, na upepo ukitoka mbele, mbele pazidi uzito kidogo ili omo isigeuzwe. Kayaki yako ukilala humo na mzigo wako unakuwa sardini.

KAYAKI SAFI:
Mzigo mdogo ni akili. Tatizo ni rafiki anayetia unga wote mfuko mmoja, anaufunga fundo, anaukalia. Wimbi moja, kilo zote zimekuwa uji baridi. Unga unagawanywa mifuko ya mlo mmoja mmoja, kila mfuko ndani ya mwingine, vyote ndani ya pipa dogo la plastiki la mfuniko wa kuzungusha. Kiberiti vivyo hivyo, na viwe viwili, sehemu mbili tofauti. Hilo ndilo lalamiko la maana, si samaki.

MLETA UZI:
Si samaki?? Kaka unga ukilowa unakula samaki. Maji yakiharibika unakunywa nini? Au na wewe utaniambia mto si huo hapo?

MAMA KITOWEO:
Poleni na safari. Huyo kambale alikuwa mkubwa kiasi gani? Na mlimpikaje? Maana naona kila mtu analia na ndoo hakuna aliyesema kitoweo. Halafu majivu si lazima mwanangu, ndimu na chumvi ya mawe inatoa utelezi vizuri tu na inaondoa shombo. Majivu yakibaki kwenye mapezi mchuzi unakuwa mchungu.

BINT IKWIRIRI:
Mama, ndimu mtoni utaitoa wapi siku ya tatu? Majivu yapo kila kambi, bure. Ila yawe ya kuni safi, si ya mkaa uliowashwa kwa nailoni.

MAMA KITOWEO:
Ndimu kumi zinakaa wiki nzima kivulini. Mtu anayebeba viti vya kukunja anashindwa kubeba ndimu? Na kambale wa safarini msimchemshe, mpasueni mgongoni, chumvi, mkausheni juu ya moto mdogo wa moshi usiku. Anakaa siku mbili haharibiki, na hamhitaji maji mengi ya mchuzi.

PONDO REFU:
Moshi usiku sawa, ila harufu iwe mbali na hema. Fisi naye ana pua.

KALAFATI:
Jamani hakuna aliyesoma mstari wa kwanza? Kasema ameuvuta mtumbwi mchangani, hata haujakauka. Usiuache ukauke! Gogo la mwembe likipigwa jua la Utete likiwa limelowa linapasuka kutoka omo hadi shetri, mbele hadi nyuma, mchana mmoja. Urudishe majini uufunge, au ufunike kwa majani mabichi na uyamwagie maji. Huu ndio uharibifu wa kweli, mnajadili ndimu.

BINT IKWIRIRI:
Kalafati, wetu tayari una ufa upande wa kulia, karibu na anapokaa mtu wa shetri. Unaingiza maji, ndani haukauki. Tunaziba na nini? Kuna mtu katuambia tumimine lami tu.

MLETA UZI:
Mtumbwi nimeufunika, asante Kalafati. Sasa turudi kwenye kambale.

KALAFATI:
Bint, lami peke yake inabanduka, usihangaike. Kwanza tafuta mwisho wa ufa pande zote mbili, toboa kitundu kidogo hapo ili usiendelee kukimbia. Safisha ndani ya ufa kwa ncha ya kisu hadi uone mti mzima. Chukua pamba, ilowekwe mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya papa), isokote iwe uzi mnene, igonge ndani kwa patasi butu na nyundo ndogo, taratibu, ukizidisha nguvu ufa unapanuka. Juu yake sasa ndiyo lami ya moto, na kipande cha bati kinachozidi ufa vidole vitatu kila upande.

BINT IKWIRIRI:
Misumari ya ukubwa gani? Ubavu wenyewe umeshakuwa mwembamba.

KALAFATI:
Mifupi isiyotokeza ndani, tena ipishanishe, usiipange mstari mmoja ukafungua ufa mwingine. Mti wa mwembe au mvule?

BINT IKWIRIRI:
Mwembe.

KALAFATI:
Basi toboa kwanza kwa msumari wa moto ndipo upigilie. Upigwe picha ubavu wote nione ufa umeelekea wapi.