Albamu za gundi, kopo la negativu na picha iliyoganda kwenye kioo: nianzie wapi kabla wajukuu hawajaja?

Mstaafu wa Chumbageni

Habari za humu ndani. Mimi na mama watoto tumestaafu, tuko Tanga. Shule zikifungwa Desemba watoto wanakuja na wajukuu, na safari hii tunataka picha za zamani ziwe tayari, zitazamwe pamoja na kila nyumba iondoke na nakala.

Tulichonacho: albamu 3 za kurasa zenye gundi, zile za kufunika na plastiki, za miaka ya 70 na 80, jumla picha kama 240. Plastiki imekuwa manjano na picha zimeng'ang'ania. Kuna kopo la biskuti lenye negativu, nyingine mikanda ya milimita 35, nyingine pana za mraba. Kuna picha ya harusi kwenye fremu, upande mmoja imegandana na kioo. Za rangi zimegeuka wekundu, na kama kumi zina madoa ya ukungu.

Vifaa ni simu yenye kamera nzuri kiasi, na mtoto mmoja ana skana nyembamba ya A4, ataitanguliza kwa basi. Je, nibandue zote kwanza ndipo niskani?

---

Mkutubi

Shikamoo mzee. Hapana, usibandue hata moja kwa sasa. Skani au piga picha ukurasa mzima kama ulivyo, pamoja na maandishi yoyote ya pembeni, ndipo ufikirie kubandua. Sababu ni mbili. Picha ikichanika wakati wa kubandua, tayari unayo nakala. Pili, mpangilio wa ukurasa wenyewe ni ushahidi: picha nne zilizobandikwa pamoja mara nyingi ni za siku moja, na ukishazitawanya hutakumbuka ipi ilikaa na ipi.

Plastiki ya juu inatoa mng'ao na umanjano, kwa hiyo ifunue taratibu kabla ya kuskani. Ikiwa imeshika uso wa picha, iache hapo hapo. Ukiivuta itaondoka na jelatini, yaani ile tabaka nyembamba yenye taswira, na utabaki na karatasi nyeupe.

Kubandua kwenyewe: nunua uzi wa kusafishia meno duka la dawa, usiwe wa nta wala wa ladha. Kata kama sentimita 40, zungushia vidole viwili, upitishe chini ya kona ya picha, kisha uende mbele na nyuma kama msumeno huku uzi umelala sambamba na ukurasa. Kinachokunjwa ni ukurasa, picha ibaki imenyooka, kwa sababu picha ikikunjika jelatini hupasuka mistari mistari na mistari hiyo haitoki tena. Ikigoma, geuza ukurasa na upulize draya ya nywele upande wa nyuma, moto wa chini, umbali wa sentimita 20 hivi, sekunde 10 au 15, ujaribu tena. Ikigoma mara ya pili, kata ukurasa kuizunguka kwa mkasi na uihifadhi na kipande chake cha kadibodi.

Sio lazima zote zitoke. Zinazotoka kirahisi ziondoe, maana gundi ile inaendelea kula karatasi.

Ile ya harusi usiiguse. Hakuna njia ya nyumbani ya kuitenganisha na kioo bila kuumiza sura za watu. Iache kwenye kioo chake na uipige hivyo hivyo.

---

fundi_skana

Nakubaliana na Mkutubi. Mimi nitasema ya mashine.

Futa kioo cha skana kwa kitambaa laini kilichonyunyiziwa, usinyunyizie kioo chenyewe, maji yataingia pembeni. Zima vitu vyote vya "kuboresha" kwenye programu: kuondoa vumbi, kunoa, kurekebisha rangi. Weka 600 dpi (nukta kwa kila inchi), rangi, hata kwa picha nyeusi na nyeupe. Picha ya inchi 4 kwa 6 itatoa pikseli 2400 kwa 3600, inatosha kuchapisha tena hata A4. Ndogo za pasipoti panda 1200. Zaidi ya hapo kwa karatasi unakuza chembe tu na faili linanenepa.

Ukihifadhi TIFF, yaani faili lisilobanwa, kila moja ni kama MB 26, picha 240 ni GB 6 na kitu. JPEG, yaani faili lililobanwa, ya ubora wa juu itashuka mara kadhaa. Kwa familia nyingi JPEG ya juu inatosha, ila ihifadhi mara moja tu. Ukitaka kurekebisha, fungua nakala, la asili usiliguse.

Kwenye kioo cha A4 picha za 4 kwa 6 zinaingia tatu tu: mbili zimesimama ubavu kwa ubavu, ya tatu imelala chini yake. Wengi wanalazimisha ya nne, inapanda ukingo na inatoka imefifia upande mmoja. Zile za mraba za sentimita 9 zinaingia sita.

Sasa angalizo: skana nyembamba, zile zinazokula umeme wa waya wa USB peke yake, zinaona sawasawa kitu kilichogusa kioo tu. Kikiinuka milimita chache, kinafifia. Kwa hiyo ukurasa wa albamu uliojikunja, na ile fremu, skana hiyo haitakusaidia. Tumia simu.

Kwa simu: meza karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, taa ya dari imezimwa, fleshi imezimwa. Futa lenzi. Usisogee sana, maana kwa karibu kingo za picha zinavimba kama pipa. Kaa mbali kidogo na utumie kikuzaji cha 2x ikiwa simu ina lenzi ya pili. Simu iwe sambamba kabisa na meza. Simu nyingi zina alama ya msalaba inayogeuka rangi ukilinganisha, iwashe kwenye mipangilio ya kamera. Kwa picha ya kwenye kioo, tundika kanga nyeusi au kitambaa cheusi nyuma yako, utoe tundu la lenzi tu. Kinachoonekana kwenye kioo ni weusi, mng'ao unakwisha.

Utakutana na picha za rangi zenye uso wa vijitundu kama sega la nyuki, karatasi ya "hariri" iliyopendwa miaka hiyo. Skana inamulika kutoka upande mmoja, kila kijitundu kinatupa kivuli chake, na uso wa mtu unatoka kama umefunikwa chandarua. Hizo pia zipige kwa simu, mwanga ukitoka pande mbili.

Negativu: washa skrini nyeupe kwenye tableti, mwanga wa juu kabisa. Usilaze negativu juu yake, utapiga na vinukta vya skrini. Inua sentimita 2 au 3 kwa kipande cha kioo kilichowekwa juu ya vibiriti. Upande unaong'aa uwe juu, ule wa ubutu chini, la sivyo maandishi ya mabango yatasomeka kinyume. Halafu programu ya picha ya simu igeuze rangi. Nyeusi na nyeupe ni rahisi. Za rangi zina utando wa chungwa na zinasumbua, kwa hizo tafuta mtu mwenye skana ya negativu ukiona zina thamani. Zile pana za mraba, ikiwa zina sentimita 6 kila upande, anza nazo: ni kubwa, na mara nyingi zinaonyesha kuliko picha iliyosafishwa kwazo.

Ukifungua kopo ukanusa siki, hizo zimeanza kuoza. Zitoe koponi leo leo, zikae mbali na nyingine, na ziwe za kwanza kupigwa. Harufu hiyo ni asidi, ikifungiwa kwenye bati inaharakisha uozo wa zilizo jirani.

Wekundu: kwenye karatasi za miaka ile rangi ya samawati hufifia kwanza hata albamu ikiwa imefungwa, ndiyo maana nyekundu inabaki kutawala. Rekebisha kwenye nakala, punguza nyekundu, ongeza samawati, tazama mashati meupe na kuta. Lakini kaa mbali na programu zinazojitia "kurudisha uso". Haziongezi kilichopotea, zinabuni. Bibi anaweza kurudishwa na macho ya mtu ambaye hamjapata kumwona.

---

Binti Pangani

Shikamooni wazee. Wote mmeongea karatasi, mimi naongea majina, maana karatasi bila jina wajukuu wataitupa.

Kila picha ipewe namba. Nyuma ya karatasi ya zamani iliyo kavu, penseli laini (4B au 6B), bila kukandamiza, picha imelala juu ya kioo. Karatasi za rangi zina plastiki nyuma, penseli haishiki. Hizo ziweke kwenye bahasha ya karatasi na uandike kwenye bahasha *kabla* ya kuiingiza. Kalamu ya bik inachora mfereji unaoonekana mbele, na kalamu ya felti (maka) wino wake unahamia kwenye uso wa picha iliyo chini.

Jina la faili lianze na namba ile ile: 014_1978_Tanga_harusi. Mwaka usiojulikana andika 197x, usibahatishe.

Wakati wa kuangalia, simu moja irekodi sauti tu, iwekwe katikati ya meza juu ya kitambaa. Mtu mmoja asome namba kwa sauti: "picha namba kumi na nne, safu ya nyuma, kutoka kushoto." Bila namba kusikika, baada ya mwezi utakuwa na saa tatu za "huyu ni yule mtoto wa shangazi" bila kujua huyu ni yupi. Picha 25 kwa mkao mmoja zinatosha, dakika 40 hivi. Zikizidi, wazee wanaanza kujibu "simkumbuki" kwa uchovu tu. Za watu wengi zichapishe A4, karatasi ya kawaida inatosha, muandike majina juu yake kwa mshale.

Usiulize "huyu nani" peke yake. Uliza nani alishika kamera, nyumba ni ya nani, shughuli gani, nani alitakiwa kuwepo na hayupo. Baba na mama wakibishana, andikeni yote mawili na aliyesema.

Kwa mwaka, tazameni vitu. Mraba mdogo wa rangi huenda umetoka kamera za Instamatic, zilizoanza 1963, na ukiwa wa kamera hizo si wa kabla ya hapo. Noti au sarafu ya Tanzania mkononi: 1966 kuja huku. Jembe na nyundo kwenye kanga au beji ya CCM: chama kilizaliwa 5 Februari 1977. Muhuri wa studio nyuma unaosema Tanganyika unaelekea miaka ya kabla ya mwisho wa 1964, ingawa mwenye studio hakutupa muhuri siku jina lilipobadilika, kwa hiyo huo ni dalili tu. Na maneno ya kanga yasomeni: mama akiyaona anaweza kukumbuka aliinunua lini na kwa ajili ya nani.

Jambo moja la adabu. Kabla ya kumwaga picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, pitisheni kwanza kwa wenyewe. Mama aliyepigwa chumbani bila mtandio mwaka 1975 hakupigwa kwa ajili ya watu mia mbili.

---

Mstaafu wa Chumbageni

Marahaba wanangu, ahsanteni. Kopo nimenusa, hamna siki. Maswali matatu. Za ukungu nizianike juani? Mwenzangu mmoja ameniambia niweke ukurasa kwenye friza gundi ikauke iachie, ni kweli? Na baadaye zikae wapi? Mama watoto anataka zirudi kwenye sanduku la kanga, lenye nafthalini.

---

Mkutubi

Jua hapana, linakunja karatasi na kufifisha rangi. Kivulini penye upepo, zimelala chali, siku moja au mbili, hadi ukungu uwe mkavu wa unga. Kisha nje ya nyumba, umevaa barakoa, brashi laini ya rangi za maji, ukielekea upande mmoja. Ukungu mbichi ukiupangusa unaupaka. Maji, spiriti, tishu za unyevu: hapana. Doa likibaki, libaki.

Friza inafanya kazi, gundi inakuwa ngumu na kuachia, ila kwa Tanga siishauri. Ukitoa kitu baridi kwenye hewa ile, kinatoka jasho papo hapo na jelatini inavimba. Mwenye kushikilia friza aweke ukurasa kwenye mifuko miwili ya zipu, na akiutoa asiifungue mpaka ipate joto la chumba. Lakini hapo gundi nayo imeshalainika, faida imepotea. Uzi na draya.

Nafthalini hapana kabisa, mvuke wake unalainisha plastiki. Mchele ambao watu huweka wa kunyonya unyevu nao hapana, unaita wadudu. Tumia vipakiti vya silika vya kubadilika rangi, vikijaa unyevu unavikausha na kuvirudisha. Lengo ni hewa isipande zaidi ya asilimia 65, ukungu huanzia hapo; kipimo kidogo cha unyevu si ghali. Bahasha ziwe za karatasi, ndani ya sanduku la kadibodi, kabati la ukuta wa ndani. Si ukuta unaopigwa na mvua, na si jikoni. Mfunue sanduku mara moja kwa mwezi siku kavu.

---

fundi_skana

Na nakala za faili: moja kwenye diski ya nje (hard disk) kwenu, ya pili kwa mtoto anayeishi mji mwingine, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi ni ya kusafirishia tu. WhatsApp ikitumika kugawa, tuma kama "hati", si kama picha, kwani ikituma kama picha inazibana na ile kazi yote ya 600 dpi inaishia kuwa sura za kutazama kwenye simu tu. Skana ikifika, jaribu kwanza na picha tatu zisizo na thamani, uzifungue kwenye skrini kubwa na ukuze hadi uone nyusi. Zikiwa butu, kioo kina mafuta ya vidole au picha haijalala.